Mtoto wa Keki Yumo Kwenye Joho la Kapteni

Nanan Clothilde, wewe uliye mama wa ubatizo wa mji mzima, nakushika miguu unisaidie, maana nina jambo limenikaa kooni tangu juzi, kulimeza siwezi wala kulitema siwezi, na ukinijibu tafadhali badilisha majina, kwa sababu karakanani kwetu gazeti lako linasomwa kwa sauti wakati wa kahawa, na msomaji ni bosi wangu mwenyewe.

Mimi ni mshonaji. Nashona mavazi ya Kanivali kwa Bi Odalie, hapa hapa Wadi ya Saba, na wiki hii ya mwisho kabla ya Mardi Gras, Jumanne ya kufungia Kanivali, hatuna kukaa wala kupumua, tunashona kofia, tunashona suruali za wapanda farasi, tunabandika manyoya mpaka tunayakohoa, na juu ya yote kuna joho la kapteni wa chama cha gwaride, la mahameli ya zambarau, refu kama zulia la kanisani, ambalo lazima litoke Jumamosi kwa sababu Jumapili kapteni ndiye anayetangulia gwaride akiwa juu ya farasi. Sasa katika msimu kama huu, Nanan, mimi nimeacha sukari.

Usicheke kwanza. Daktari aliniambia sijapata kisukari lakini nimeshasimama mlangoni na mkono umeshika kitasa, na mama yangu, Mungu amrehemu, alianza hivyo hivyo kwa kusimama mlangoni akaishia kukatwa mguu, nikaona hapana, miguu yangu bado naitaka, Mardi Gras nataka niicheze. Nikaacha siku ile ile. Dada yangu akaniambia, "We mwanamke una wazimu? Watu wanaacha vitamu Jumatano ya Majivu. Kwaresima iko hapo nje inapiga hodi, wewe unaanza kufunga Kanivali ikiwa motoni. Hata Papa hajakutuma." Nikamwambia mguu haujui kalenda.

Na nimejitahidi, Nanan, sitaki kujisifu lakini nimejitahidi, siku za mwanzo kichwa kiliniuma kama mtu ananipigilia misumari, nikagundua sukari wameitia hata kwenye maharage ya kopo na kwenye siki ya kuchanganyia saladi, nikavimwaga vyote, jirani yangu akipika pralini, peremende za njugu na sukari, na dirisha lake wazi mimi nafunga langu na kuimba nyimbo za kanisa mpaka harufu ipite. Nyumbani nimeshinda. Kilichonishinda ni karakana.

Unajua mwenyewe desturi yetu. Tangu Sikukuu ya Wafalme, mwanzo wa Januari, mpaka Mardi Gras kila asubuhi ya kazi kuna keki ya wafalme mezani, imesokotwa duara, imemwagiwa sukari ya zambarau, kijani na dhahabu, ndani yake kafichwa mtoto mdogo wa plastiki, na atakayemkuta kwenye kipande chake ndiye analeta keki ya kesho. Basi karakanani kwetu asiyekula keki hakuna anayesema huyu anatunza afya, wanasema huyu anakwepa zamu. Bwana Anatole wa gundi aliwahi kukataa kipande kwa sababu ya jino bovu, jino la kweli, alivimba shavu watu wakaona, na hadi leo akiingia wanamwuliza, "Mtoto hajambo?"

Nami nikaogopa kuulizwa hali ya mtoto. Kwa hiyo kila asubuhi nachukua kipande changu, nashukuru, natafuna hewa, nasema "Mmh, hii leo imeiva," halafu nakiangusha polepole kwenye mfuko wa mabaki ya vitambaa chini ya meza yangu, jioni njiwa wa kituo cha basi wanapata haki yao, na njiwa hao, Nanan, sasa hawawezi kuruka kwa unene. Hivyo ndivyo nilivyoishi wala hakuna aliyejua, au mimi niliona hakuna aliyejua.

Sasa juzi Jumatatu keki ilikuwa ya Bi Odalie, ameioka mwenyewe, keki ikakatwa, ikaliwa, ikaisha, mtoto hayupo. Watu wakatazamana. Bi Odalie akasema, "Nimemtia kwa mkono wangu huu. Nani anaye?" Mimi nikapeleka mkono chini ya meza, nikapapasa kile kipande mfukoni, nikagusa kitu kigumu, nikapapasa tena, Nanan, ni kimguu. Ningesema pale pale mambo yangeisha, lakini ningesemaje ninaye wakati kila mtu ameniona nikitafuna? Na kabla sijapata la kusema Bi Odalie akaamuru, "Droo wazi. Mifuko juu ya meza." Anakuja kwenye meza yangu, mimi nimemshika mtoto kiganjani, na joho la kapteni limelazwa hapo kati ya meza yangu na ya mwenzangu Yolande, pindo lake halijafungwa, nikamsukuma mtoto ndani ya pindo nikisema moyoni bosi akishapita nitamtoa.

Sikumtoa. Yolande ndiye anayeshona bitana, na Yolande akiwa kazini hakatizwi na mtu, akasema, "Nyie tafuteni, mimi nina joho la watu," akalivuta upande wake akaanza kulifunga pindo. Mashine ikaja, ikaja, ikafika pale. Ikasimama kidogo. Yolande akaniangalia, mimi nikainama kuokota pini ambayo haikuanguka, mashine ikaendelea mpaka mwisho.

Kumbe balaa ndiyo kwanza linaanza. Yolande mkono wake ni mgumu, kila mtu anajua, hata biskuti hugawa nusu, kwa hiyo macho yote yakamwendea yeye. Bi Odalie akamwambia, "Yolande, geuza mifuko ya aproni." Mbele ya watu wote, Nanan, mwanamke mwenye wajukuu. Akaigeuza. Vikatoka vifungo, rozari na pipi ya kikohozi. Bi Odalie akasema, "Basi umemmeza. Hakuna keki hapa mpaka aliyemchukua aseme, na Jumapili mvua ikitunyeshea tutajua mkosi huo umeletwa na nani." Yolande akaviokota vifungo vyake. Mimi nikaendelea kubandika manyoya.

Jana tukanywa kahawa bila keki kwa mara ya kwanza tangu niijue karakana ile, wenzetu wakawa wanamwita Yolande "Mama Mtoto", wanamwimbia nyimbo za kubembeleza, na Bi Odalie kasema Kanivali ikiisha atafikiria kama anamhitaji, maana anayeficha mtoto wa plastiki kesho ataficha shanga za watu. Yolande kahamisha kiti chake kakipeleka dirishani. Amenisemesha mara moja tu, kaniuliza, "Huna la kuniambia?" Nikasema, "Kuhusu nini?" Akaondoka. Siku zote yeye ndiye huniletea kahawa, ya maziwa na vijiko vitatu vya sukari, nami siku hizi huimwaga kwenye sinki akigeuka, lakini jana akaniwekea nyeusi tii, haina maziwa wala punje ya sukari, chungu kama kwinini, nikajua sasa uadui umekamilika.

Huyu Yolande, Nanan, tulipata komunyo ya kwanza siku moja. Gauni langu la harusi kalishona yeye. Mume wangu alipofariki yeye ndiye aliyelala chumbani kwangu mpaka nikaweza kulala peke yangu. Nikisema, nitaonekana mwongo na mkwepa mtoto, na sukari yangu itakuwa habari ya mtaa. Nisiposema, Yolande anapoteza kazi. Na joho limeshafungwa.

Nimefikiri sana nikaona labda kosa langu ni kuacha sukari wakati usio wake. Je, nirudi tu nile keki kama watu, watu wapoe, halafu nianze upya Jumatano ya Majivu? Naona balaa lote limeletwa na kutokula.

Mimi wako katika aibu,
Mzazi Asiyetaka, Wadi ya Saba

*

Mzazi Asiyetaka, mwanangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni, nikacheka mpaka nikatafuta kiti. Nilipofika kwenye aproni ya Yolande kicheko kikaniisha. Kwa hiyo nitakusifu kidogo, nitakugomba zaidi, kisha nitakwambia la kufanya nawe utalifanya.

Kuacha sukari umefanya jambo la mtu mzima. Uliona kilichomfika mama yako ukasema mimi sitangoji, na ukaanza msimu ambao mji huu unamwaga sukari hata barabarani. Nakuvulia kofia. Kwa sababu hiyo swali lako la mwisho limenikera kuliko barua nzima. Eti urudi ule mpaka Jumatano ya Majivu. Mbona dada yako ulimjibu vizuri na mimi unaniletea upuuzi wake? Balaa lako halikuletwa na kutokula. Limeletwa na kutafuna hewa. Ungesema asubuhi ya kwanza, "Jamani, daktari kanikataza," wangekucheka wiki moja, wangekutafutia jina, wangechoka. Waliotangulia walisema mficha maradhi kifo humuumbua, wewe umeumbuliwa na kimguu cha plastiki, basi mshukuru Mungu kwa bei nafuu.

Tena umekosea kuhusu hiyo zamu. Zamu haimo kwenye kipande, imo kwa mtu. Anayetaka kuonekana hakwepi si lazima ale, ni lazima alete. Siku ile ile ulipoacha sukari ungemwambia Bi Odalie, "Mimi sili, lakini niandikeni siku yangu." Nani angefungua mdomo? Hata huyo Bwana Anatole, maskini na shavu lake, angepona kwa neno hilo. Mpelekee salamu zangu, na mumwache sasa, jino lile lilikuwa bovu kweli.

Halafu wiki yenye kazi nyingi haivukwi kwa moyo mgumu, inavukwa kwa tumbo lililoshiba. Wewe unaingia karakanani na njaa, unakaa karibu na keki, unaanza kupigana. Nani alikufundisha vita hivyo? Kula nyumbani kabla ya kutoka, mayai, samaki aliyebaki, mboga za majani, chakula cha kweli, si kipande cha mkate ukiwa unafunga mlango. Chukua na chombo chako cha mchana, maana mshonaji asiye na chakula chake atakula chochote kitakachopita, na wiki hii kinachopita kina sukari ya rangi tatu. Weka karanga za chumvi kwenye droo mahali pa kile kipande. Maharage yetu ya kila Jumatatu yapike mwenyewe toka mwanzo, kopo liachie dada yako. Na zamu yako ikifika nenda kwa mwokaji yeyote wa mtaani, mwambie akusokotee duara lenye boudin ndani, nyama na wali na pilipili, juu asipake asali wala sukari. Wenzako watakula mpaka walambe karatasi. Wewe onja kidogo, kwa sababu mkate na wali navyo vina hesabu yake mwilini, na hesabu hiyo mwulize daktari, mimi si daktari.

Sukari tumemaliza. Tuje kwa Yolande, maana hilo ndilo uliloniandikia hata kama hukujua.

Umeniambia mashine yake ilifika pale, ikasimama, akakuangalia, ikaendelea. Wewe umeliandika jambo hilo halafu ukalipita kama mtu anayepita nyumba yake mwenyewe. Mwanangu, mshonaji wa bitana hulisoma pindo kwa vidole. Punje ya mchele ikiwa ndani ataijua. Ati mtoto mzima wa plastiki, mwenye kichwa na miguu, apite chini ya kidole chake asimjue? Alimjua. Alijua pia ametoka kwako, ndiyo maana alikutazama wewe na si mwingine. Angeweza kumtoa akamnyanyua juu watu wakaona. Badala yake akamshonea ndani, akafunga uzi, kisha akasimama akageuza mifuko yake isiyo na mtoto mbele ya watu wote kwa ajili yako.

Na kahawa ile, jamani. Unadhani alikasirika akakunyima sukari? Mwanamke aliyekaa karibu yako miaka yote hiyo hajaona kwamba hutafuni, humezi, na kahawa yake inaishia kwenye sinki? Pengine ameona tangu siku ya kwanza akangoja umwambie. Jana alichoka kungoja, akakutengenezea kahawa unayoweza kuinywa. Wewe ukaiita uadui.

Hakukasirika kwa sababu ya mtoto. Amekuuliza kama una la kumwambia ukamjibu kuhusu nini. Hapo ndipo alipoumia, na mimi hapo nakugomba bila huruma. Mtu aliyelala chumbani kwako wakati wa msiba hakuwa anataka keki kutoka kwako. Alitaka umwambie kwamba unaumwa.

Sasa Bi Odalie, kwa kuwa najua ndiwe unayesoma kwa sauti, soma na hapa pia usirukeruke. Bibi mzima unapekua aproni ya bibi mwenzio kwa ajili ya kitu kinachouzwa mfuko mzima dukani. Mvua ya Jumapili haiulizi nani kala nini. Na mtu aliyelifunga pindo la joho lako bila kuinua kichwa wakati nyie wote mnatafuta chini ya meza, huyo ndiye wa kufukuzwa? Haya, meza mate uendelee kusoma.

Mzazi Asiyetaka, majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba. Hata joho halikuwa la zambarau, nimelipaka rangi mimi. Lakini karakana zilizopotelewa na mtoto wiki hii si nyingi, na gazeti hili unalosoma nyumbani asubuhi likifika karakanani wakati wa kahawa watu watajua kabla hawajafika nusu ya barua. Kwa hiyo sema kabla halijafunguliwa. Ukingoja lisomwe, utakuwa hukukiri, utakuwa umekamatwa, na Yolande atakuwa ametajwa na gazeti badala ya kutetewa na wewe.

Usimvute pembeni. Najua unatamani kumvuta pembeni, mlie wawili, muishie hapo. Yolande alifedheheshwa mbele ya watu, na mbele ya watu ndipo atakaposafishwa. Simama katikati ya karakana, mashine zikiwa bado hazijawashwa, useme kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Bwana Anatole: mtoto alikuwa kwangu, nilimficha mimi, Yolande hana kosa, na mimi keki siwezi kuila kwa sababu sukari inanitafuta kama ilivyomtafuta mama yangu. Maneno hayo, kwa mpangilio huo, bila "lakini". Kisha uchukue joho, ulifumue pindo mwenyewe, umtoe mtoto, na ulishone tena kwa mkono, mshono mdogo mdogo, muda wako wa chakula cha mchana. Yolande asiliguse. Zamu ya kesho ni yako, na ya keshokutwa pia, kwa riba.

Wenzako watakucheka. Waache wacheke, Kanivali imewekwa kwa ajili hiyo. Bi Odalie atanuna mpaka mchana, halafu atakumbuka suruali za wapanda farasi hazina vifungo.

Na Yolande ukishamaliza kusema usimwombe akujibu upesi. Kaa karibu naye, unyamaze, mngoje. Akianza kukusuta, akikwambia wewe ni mpumbavu tangu komunyo ya kwanza, akikupa jina mbele ya karakana nzima, inama upokee kila neno, maana mtu wa mji huu akikusuta mmeshapatana, ukimya ndio wa kuogopa. Sasa vaa viatu uende kazini.

Nanan wako,
Clothilde